Nani Alisema Bustani ni Nyasi?

Mwenye nyumba mpya akishamaliza kupaua na kupaka rangi, kinachofuata karibu kila mtu mjini anakijua. Lori la pevingi linarudi nyuma hadi getini, uwanja unapangwa vitofali kuanzia barabarani hadi kwenye ngazi za baraza, na kipande kinachobaki kando kinapandwa nyasi. Mwembe uliokuwepo kabla msingi haujachimbwa ulishakatwa zamani, pengine hata kabla mchoro haujatoka. Kando ya ukuta inasimama safu ya miti ya ashoki: mirefu, myembamba, haizai kitu ambacho mwenye nyumba atakila, na kivuli chake hakitoshi kigoda kimoja. Nyumba ya namna hiyo ndiyo inayopigwa picha kwa matangazo ya madalali, na uwanja wake ndio unaoitwa bustani ya kisasa.

Wanaoutetea uwanja huo si wajinga. Hoja zao husikika kwa fundi, kwa jirani, kwa shangazi aliyekuja kuona nyumba: nyasi ni usafi, miti huleta mbu na nyoka, mizizi hupasua msingi, mgomba na mpapai ni mambo ya shamba. Kila moja ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana zimedumu. Zikikusanywa pamoja, hata hivyo, zimejenga imani isiyolingana kabisa na hali ya hewa ya Afrika Mashariki, kwamba bustani ya nyumbani huanza na nyasi na mengine yote ni nyongeza. Mambo yanapaswa kwenda kinyume. Chini ya jua la ikweta bustani huanza na kivuli, na nyasi, kama zitakuwepo, hupewa kinachobaki.

Nyasi zina kwao. Kwao ni Uingereza na majirani zake, ambako manyunyu huanguka miezi yote kumi na miwili, jua ni hafifu, na uwanja hubaki mbichi bila mtu kushika mpira wa maji. Hata huko zilikuwa anasa. Kabla ya mwaka 1830, fundi Edwin Budding wa Gloucestershire alipobuni mashine ya kukatia nyasi, uwanja laini wa kijani ulihitaji kundi la kondoo au kundi la vibarua wenye miundu mirefu. Kwa hiyo ulionekana mbele ya majumba ya makabaila tu, ukitangaza kwamba mwenyewe ana ardhi nyingi kiasi cha kuiacha bila kuilima.

Tangazo hilo lilivuka bahari pamoja na wakoloni. Dar es Salaam lilipata makao Oysterbay na mitaa mingine ya Uzunguni, kwenye viwanja vikubwa vilivyohudumiwa na watunza bustani wa ujira mdogo. Lakini wanaoiga leo wamesahau jambo moja: nyumba zile za zamani zilikaa chini ya miti. Zilikuwa na baraza pana, na miembe na mikrismasi ilitanda hadi juu ya paa. Aliyeziiga alichukua zulia akaacha mwavuli.

Hesabu ya maji haihitaji mtaalamu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Wakati wa kiangazi nyasi zilizo juani huko Pwani hupoteza kama milimita nne hadi tano kwa siku. Kauwanja ka mita 10 kwa 10, basi, kanaweza kutaka lita 500 kila siku ili kabaki kijani, yaani ndoo 25 za lita 20. Kuanzia Juni hadi Septemba ni siku 122, na jumla inafika lita 61,000. Hayo ni maboza sita ya lita 10,000 na ziada, kwa ajili ya majani ambayo hata mbuzi wa jirani haruhusiwi kuyagusa. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi jiji la Dar es Salaam likaingia kwenye mgawo wa maji. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu mkoani humo watu 5,383,728. Wengi wao huyabeba maji kwa madumu, na wanaijua bei ya kila dumu.

Waliozipenda nyasi kuliko wote wameanza kuzing'oa. Jimbo la Nevada huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2021 kwamba, kuanzia mwaka 2027, maji ya Mto Colorado yasimwagiliwe kwenye nyasi za mapambo za kando ya barabara, za mizunguko na za mbele ya maofisi jijini Las Vegas na vitongoji vyake. Nyasi za nyumbani hazikuguswa na sheria hiyo, ila mamlaka ya maji ya huko imekuwa kwa miaka mingi ikiwalipa wenye nyumba ili wazitoe wenyewe. Huko Cape Town, kwenye ukame wa mwaka 2018, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku za kunywa, kupika, kuoga na kufua, na kumwagilia bustani kwa maji ya bomba kukapigwa marufuku. Lita 50 ndizo zinazonywewa na mita 10 za mraba za nyasi za Dar es Salaam, kwa siku hiyohiyo moja.

Nyasi zote hazistahili lawama sawa. Nyasi za Pemba, zenye jani pana, ni za mwambao huu, zinavumilia chumvi na hazigombani na kivuli. Nyasi za Kikuyu, asili yake nyanda za juu zenye baridi na mvua, zimesambaa hadi Australia na California, na huko kwenye nyanda zake zinamea bila kubembelezwa. Watoto nao wanahitaji mahali pa kubingirika. Mita nne kwa tano za nyasi za Pemba pembezoni mwa kivuli cha mti zinawatosha. Tatizo ni nyasi zinapofanywa ndiyo bustani yenyewe.

Pevingi, au kabro kama wasemavyo Nairobi, ni kesi mbaya zaidi. Zege hunyonya joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, saa ileile watu wanapofungua madirisha wapate usingizi. Tena fundi wa pevingi hulipwa kwa mita ya mraba. Kila kipande cha udongo kinachoachwa wazi ni pesa anayoikosa, kwa hiyo ni vigumu kutarajia kwamba atamshauri mwenye nyumba abakize udongo.

Halafu inanyesha. Mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika si jambo la kushangaza, ikiangukia mita 250 za mraba zilizozibwa huzaa lita 12,500. Udongo ulio wazi chini ya miti ungeyameza sehemu kubwa, na uwanja wa zege huyasukuma getini. Kutoka getini yanakwenda kwa jirani wa chini, kisha mtaroni kwenye chupa za plastiki, kisha bondeni. Desemba 2011 mvua kubwa zilijaza Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha na kaya nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Nairobi ilionja ya kwake Aprili na Mei 2024. Hakuna anayeweza kusema kwamba maji ya geti fulani ndiyo yaliyobeba nyumba fulani, na mafuriko yana sababu nyingi, ikiwemo kujenga bondeni kwenyewe. Bonde, hata hivyo, hupokea jumla. Mitaa mizima ikiziba udongo wake, jumla inakua, na wanaoilipa si wale waliokaa mlimani.

Na kama pevingi ni kwa ajili ya gari, gari linahitaji mistari miwili tu ya kupita matairi. Linaloegeshwa chini ya mti halihitaji hata hiyo.

Sasa mbu. Hii ndiyo hoja inayokata miti mingi kuliko shoka la mchoma mkaa, na inastahili kujibiwa kwa makini. Anopheles gambiae, mbu mashuhuri wa malaria, huchagua kutaga kwenye vidimbwi vidogo visivyo na kina na vilivyo juani: alama ya tairi, unyayo wa ng'ombe, shimo la mchanga wa ujenzi. Mti unaotia kivuli kwenye udongo na kuufanya unyonye maji humharibia makazi. Mbu wa homa ya dengu, Aedes aegypti, anapenda makopo, matairi ya zamani na vyungu vya maua vyenye visahani vya maji chini, yaani mapambo yaleyale ya bustani ya kisasa. Culex anayepigia watu kelele usiku hutoka kwenye mashimo ya vyoo na mitaro iliyoziba. Mpango wa kudhibiti malaria mijini ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004 ulituma watu mtaa kwa mtaa kutafuta viluwiluwi, nao waliviwinda kwenye maji yaliyotuama, madimbwini na mitaroni. Hawakuagizwa kukata miembe.

Chembe ya ukweli ipo pia, na kuificha hakufai. Maji yanayotuama katikati ya matuta ya mboga yanaweza kuzalisha mbu wa malaria. Makwapa ya majani ya migomba na magimbi hushika maji kidogo, na ndugu mmoja wa Aedes hutaga humo. Mgomba basi usipandwe chini ya dirisha la chumba cha kulala, majani yaliyozeeka yakatwe, na matuta ya nyumbani yawe ya kulowesha udongo tu pasipo kutuamisha maji. Huo ni utaratibu wa kupanda. Hakuna hapo sababu ya kumwaga zege.

Nyoka hafuati mti, anafuata panya na chura, na maficho yake ni kifusi, mbao zilizorundikwa, marundo ya matofali na majani marefu. Wazee walilijua hili vizuri. Uwanja wa kufagia chini ya mwembe, udongo mtupu wenye michirizi ya fagio asubuhi, ulikuwa mpango kamili wa bustani: anayetambaa anaonekana mapema, watoto wanacheza, na hauhitaji tone la maji zaidi ya yale ya kunyunyiza kutuliza vumbi. Desturi ya namna hiyo ilionekana hata ng'ambo ya Atlantiki, ambako nyumba za Wamarekani weusi vijijini kusini mwa Marekani zilijulikana hadi karne ya 20 kwa nyua za udongo zilizofagiwa zikang'aa. Ajabu ni kwamba mtu aliyekulia kwenye uwanja kama huo akijenga mjini ndiye wa kwanza kuuonea haya.

Kuhusu mizizi, mti unaostahili sifa mbaya ni Ficus benjamina, na huo huuzwa kama pambo, ukichongwa umbo la mpira na kupandwa hatua mbili kutoka ukutani. Mkungu nao unahitaji nafasi kubwa. Mwembe uachiwe mita nane hadi kumi kutoka kwenye msingi. Mkomamanga, mdimu, mpera na mstafeli ikitunzwa midogo haina nguvu ya kumsumbua mtu aliyejenga vizuri. Nyufa nyingi zinazosingiziwa miti zinatokana na msingi wa mkato, au na ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaojulikana sana Nairobi, unaovimba kwenye mvua na kusinyaa kwenye kiangazi.

Na mwizi? Mwizi anapenda kichaka kilichoshonana kando ya dirisha, na hapo wenye hofu wana haki. Mti uliopunguzwa matawi ya chini, ukaacha shina tupu hadi usawa wa kichwa cha mtu, haumfichi yeyote. Ukuta wa tofali wa mita tatu ndio unaomsetiri: akishauruka hakuna jirani atakayemwona.

Hadi hapa mjadala umekuwa wa kujilinda. Upande wa pili una ushahidi wa miaka mingi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kihamba cha Mchagga ni bustani ya nyumbani kwa maana kamili, kwa sababu nyumba imo ndani yake. Juu kabisa inasimama mringaringa, mruka na, tangu enzi za kahawa, mgrevilea. Chini ya miti hiyo inatanda migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na ardhini kuna magimbi, mboga na majani ya mifugo inayofugwa bandani. Samadi inarudi kwenye migomba. Maji huletwa na mifongo iliyochimbwa kufuata mteremko. Mpaka wa kihamba huwekwa kwa masale, mmea uleule ambao Wachagga huutuma kuomba radhi.

Mwaka 1984 watafiti watatu, Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe, huyu wa mwisho akiwa ndiye Jumanne Maghembe aliyekuja kuwa waziri, walichapisha maelezo ya vihamba na kuorodhesha zaidi ya aina 100 za mimea yenye matumizi. Mwaka 2006 mwanaikolojia Andreas Hemp alichapisha hesabu kubwa zaidi: zaidi ya aina 500, nyingi zikiwa zimejiotea bila kupandwa na mtu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Mambo haya yamo kwenye maandishi. Hata hivyo mtoto wa Kibosho akijenga Mbezi, au wa Marangu akijenga Goba, mara nyingi hupiga pevingi.

Atajibu kwamba Kilimanjaro kuna mvua na udongo wa volkano, na Mbezi kuna mchanga. Ni kweli, na hakuna anayemtaka apande mibuni ufukweni. Kinachohamishika ni ule mpangilio wa ghorofa: mmea mrefu unakingia wa kati, wa kati unakingia wa chini, na majani yanayoanguka yanalisha wote. Mchanga wa Pwani unakosa hasa kile ambacho mpangilio huo hukizalisha, mboji. Kila asubuhi mitaani hufagiwa majani, yakarundikwa na kuchomwa moto, moshi ukaingia vyumbani. Jioni mwenye nyumba yuleyule anakwenda kununua viroba vya samadi kwa ajili ya nyasi zake. Rundo hilo la majani likiachwa pembeni, likaloweshwa na kugeuzwa, lingekuwa udongo mweusi baada ya miezi michache. Kihamba chenyewe kimebanwa leo, kwa kugawanywa kila kizazi na kwa bei ya kahawa kuyumba. Hiyo ni sababu ya kujifunza kutoka kwake mapema.

Linabaki lile neno zito: ushamba. Kwamba chakula na bustani nzuri havikai pamoja. Mwambao haukuwahi kuamini hivyo. Ua wa nyumba ya Kiswahili ulikuwa na mrehani, asumini, mkadi na mwaridi, na kutoka humo yalisukwa makoja na kufungwa vikuba. Mlangilangi ulipandwa mahali ambapo harufu yake ya jioni ingefika barazani. Mkilua, kichaka cha misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania chenye ua dogo la harufu kali, ulithaminiwa kiasi kwamba mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, alipouandika kisayansi, aliuita Mkilua fragrans. Pembeni ya hayo yote kulikuwa na mnazi, mdimu, mkwaju. Pua, jicho na chungu vilihudumiwa na uwanja mmoja. Kitalu cha kando ya barabara leo kina ashoki mia na hakina mkilua hata mmoja.

Wageni, kwa upande wao, waliiona mimea ya huku. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliokota kwenye misitu ya Usambara kimea kidogo chenye maua ya zambarau na kukipeleka kwao Ujerumani. Kikawa moja ya maua ya ndani yanayouzwa sana duniani, likikaa madirishani kutoka Berlin hadi Chicago. Masale ya Uchagani, Dracaena fragrans, yamejaa maofisini Ulaya. Zamioculcas, mmea wenye vijiti vinene na majani yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, huota wenyewe kwenye misitu mikavu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Uliachwa hivyo hadi wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990, na sasa uko kwenye vyungu vya kauri katika mapokezi ya hoteli za Dar es Salaam, ukipewa heshima ya mgeni.

Brazili ilipitia hayo hayo, ikaamka mapema. Roberto Burle Marx alikuwa kijana aliyekwenda Berlin mwaka 1928, akaiona mimea ya nchi yake kwa mshangao ndani ya nyumba za vioo za bustani ya mimea ya Dahlem. Kwao bustani za watu wenye uwezo zilikuwa zikiiga Ulaya. Aliporudi alianza kupanga bustani kwa mimea ya Brazili, akiwa na jicho la mchoraji. Mwaka 2021 shamba lake lililo nje kidogo ya Rio de Janeiro liliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huyohuyo ndiye aliyebuni upya sakafu ya mawe ya mawimbi ya Copacabana, kwa hiyo hakuwa adui wa kusakafia. Alijua tu mahali pa kusakafia na mahali pa kuacha.

Kiwanja cha kawaida cha mita 20 kwa 20 kinaweza kupangwa kwa akili hiyo. Nyumba ikichukua mita 150 za mraba, zinabaki 250, na swali la kwanza linahusu jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, Nairobi nyuzi moja na kidogo, kwa hiyo adhuhuri jua hupiga paa, na kuta zinazoteseka ni za mashariki na magharibi. Ukuta wa magharibi ndio mbaya, kwa sababu hupigwa kuanzia saa nane mchana hadi magharibi, hewa ikiwa tayari imepata joto. Mti mkubwa wa kiwanja ukae huko. Ukipandwa kusini kwa sababu tu kona ilikuwa tupu, umepotea bure.

Swali la pili ni upepo. Miezi ya joto kali Pwani, Desemba hadi Machi, ni ya kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki. Upande huo uachwe wazi: mimea mifupi, mrehani, mchaichai, na kama ukuta hauna budi uwe na matofali ya matundu. Ukuta mzima wa tofali upande huo hugeuza nyumba kuwa tanuri, kisha mwenyewe anakwenda kununua kiyoyozi.

Swali la tatu, maji, lilishajibiwa na mabibi bila kusoma popote. Mgomba hukaa yanakotoka maji ya bafuni. Mpapai haukai hapo, kwa kuwa mizizi yake huoza maji yakituama, hivyo upewe sehemu iliyoinuka. Paa la mita 150 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hukusanya kwa hesabu ya kawaida zaidi ya lita 100,000 hata baada ya kuondoa yanayopotea. Mvua ya Dar es Salaam hufika kiasi hicho katika mwaka wa wastani. Tangi halitaweza kuyashika yote, na yanayofurika yaelekezwe kwenye mashimo ya migomba badala ya getini.

Chini ya kivuli, mahali ambapo nyasi za kisasa hufa na kuacha mabaka, tangawizi na manjano hustawi, na magimbi pia. Matembele hutambaa juani na kufunika udongo vizuri kama nyasi yoyote, tofauti ni kwamba yanachumwa. Chanja la mabomba au mianzi mbele ya baraza, likapandishwa pesheni, hutoa kivuli ndani ya mwaka mmoja hivi. Wanaopenda uzuri kwa ajili ya uzuri wana bogenvilia, ambayo pia ni mgeni, asili yake Amerika Kusini, ila mgeni asiyedai maji. Hakuna ubaya na wageni. Mwembe na mwarobaini wenyewe walitoka Asia.

Wapo watakaosema haya yote ni ya mwenye kiwanja. Waulizwe wakazi wa Kibera, ambako baada ya vurugu za uchaguzi wa mwaka 2007 kilimo cha kwenye magunia kilienea: gunia la udongo lenye mawe katikati ya kupitishia maji, limetobolewa ubavuni, sukuma wiki na mchicha vikichomoza kila upande. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese anaweza kuweka mgagani na mnafu kwenye ndoo za rangi zilizotobolewa. Mboga hizi za asili, ambazo mbegu zake zinahifadhiwa na kufanyiwa utafiti katika tawi la Kituo cha Mboga Duniani huko Arusha, zimezoea joto na hazihitaji dawa nyingi kama kabichi.

Pingamizi la mwisho ndilo la kweli zaidi: mti unachelewa. Pevingi hukamilika ndani ya wiki. Mwembe wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu hadi wa tano, na kivuli cha kukalia watu kumi kinachukua muda zaidi. Mpapai, mgomba na pesheni hujaza pengo hilo, kwani karibu mwaka mmoja unatosha kuanza kuvuna. Lakini jibu kubwa limo kwenye namna nyumba za huku zinavyojengwa. Wachache sana humaliza kwa mkupuo. Msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho mshahara ukiruhusu, bati baada ya hapo, madirisha wakati fulani. Miaka mitano hupita, wakati mwingine kumi, na katika muda wote huo kiwanja kimekaa kitupu kikiota magugu. Mche uliotiwa ardhini masika ya kwanza, siku msingi unapochimbwa, ungekuwa unatia kivuli mafundi wa dari wakifika. Kinachotakiwa ni mchoraji ramani kuonyesha mahali pa mti kwenye mchoro uleule anaoonyesha chemba ya maji machafu, na mwenye nyumba kuuzungushia matofali machache yasiyo na saruji, ili lori la mchanga lisiupande.